Deni la Atafutaye Nasaba

Mambo wayapendayo Waingereza ni mengi, na moja katika hayo ni kutafuta nasaba. Mtu aliyekwisha staafu, ambaye watoto wake wamekwenda zao, huanza na majina manne ya babu na bibi zake. Baada ya miaka kumi majina manne yamezaa mia nne. Mali hapati kwa kazi hiyo, wala cheo. Aghalabu huwakuta wakulima wadogo, wafumaji, wajakazi, mabaharia, na pengine mtu mmoja aliyepelekwa kifungoni ng'ambo kwa kuiba kondoo. Wote hao huwapokea kwa furaha, hata yule wa kondoo. Lakini kazi hii, ijapokuwa huonekana kuwa ya mtu mmoja na karatasi zake, haifanywi na mtu mmoja. Nyuma ya kila jina lililopatikana yupo mtu baki aliyefungua daftari, au aliyesafisha jiwe, au aliyesoma mwandiko mgumu, au aliyekumbuka.

Na ifikiriwe barua moja ifikayo Mbeya kutoka Uingereza. Aliyeiandika ni mwanamke wa makamo, mkazi wa Norfolk. Aliyeandikiwa ni mwalimu wa shule, ambaye jina lake limepitia vinywa vitatu au vinne kabla ya kumfikia mwandishi. Ndugu wa babu yake mama huyu aliondoka kwao akiwa kijana kwenda kuchimba dhahabu ya Lupa, akafa huko katika miaka ya 1930. Nyumbani halikubaki ila neno moja, Chunya, lililoandikwa nyuma ya picha. Mwandishi anauliza kama lipo kaburi. Na likiwapo, kama mwalimu angeweza kulipiga picha. Nauli atailipa. Barua hii ni ya mfano, lakini maswali yatokayo ndani yake si ya mfano. Mwalimu anadaiwa nini na mtu asiyemjua? Mtu huyo akisha jibiwa, deni lake ni la nani? Na kama yajulikanayo Chunya ni zaidi ya yaliyoulizwa, je, yasemwe?

Yafaa kwanza kuona jinsi Mwingereza alivyoizoea karatasi. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila mtaa wa kanisa uweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Tarehe 1 Julai 1837 serikali yenyewe ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales. Sensa ya mwaka 1841 ndiyo ya kwanza iliyohifadhi majina ya watu nchini kote. Tangu hapo hesabu hurudiwa kila baada ya miaka kumi, na majina hufichwa miaka mia moja kabla ya kufunuliwa. Ile ya 1921 ilifunuliwa Januari 2022. Ya 1931 haitafunuliwa kamwe, maana iliteketea kwa moto mwaka 1942. Na ya 1941 haikufanywa kwa sababu ya vita. Kwa hiyo, ukiacha daftari la dharura lililoandikwa Septemba 1939, lipo pengo la miaka thelathini katika kumbukumbu za sensa za nchi ile, na ndani ya pengo hilo ndimo walimotumbukia vijana waliokwenda Lupa. Taifa lenye karatasi nyingi namna hiyo limejikuta likibisha hodi Chunya.

Hata mahali karatasi ilipo, peke yake haitoshi. Mwandiko wa makarani wa karne ya 16 na ya 17 ni kama nyayo za kuku machoni pa asiyefunzwa. Maandishi mengine ni ya Kilatini. Na majina hurudia yale yale, hata kijiji kimoja kikawa na akina John Smith saba, wanne wao maseremala. Ndiyo maana watafutaji walianza zamani kusaidiana. Chama chao cha London, Society of Genealogists, kiliundwa mwaka 1911. Akaaye karibu na kanisa la kijiji humwendea kulisoma jiwe mtu aliyeko Australia. Ajuaye Kilatini humfasiria asiyejua. Wengine hutumia jioni zao kunakili madaftari mazima ambayo ndani yake halimo hata jina moja la ukoo wao. Desturi yao ni kwamba asaidiwaye hamlipi aliyemsaidia, bali humsaidia mwingine. Deni halirudi lilikotoka, huenda mbele.

Wapo wasemao kwamba huo si wema ila ni mchezo, kwa kuwa mwindaji hufurahia kuwinda hata kama nyama italiwa na jirani. Hoja hii ina ukweli wake, walakini haifiki mbali. Mama hufurahia kumlisha mwanawe, wala hakuna asemaye kwamba kwa furaha ile chakula kimekuwa si chakula. Lililo zito ni jingine. Desturi ya deni liendalo mbele husimama vizuri baina ya watu ambao wote wanazo karatasi: huyu anacho kijiji cha Norfolk, yule anacho cha Kent, na leo ni zamu ya huyu, kesho ya yule. Inakuwaje desturi hiyo ikivuka bahari na kumfikia mtu ambaye babu zake hawakuandikwa?

Nyanda za Juu za Kusini ziliwavuta Waingereza kwa ubaridi wake, ardhi yake na dhahabu yake. Mwezi Oktoba 1925 Lord Delamere wa Kenya aliwakutanisha walowezi Tukuyu, kwa nia ya kuona nchi zote za juu, toka Kenya mpaka Nyasaland, zikishikana mikononi mwa watu wa namna yake. Nia hiyo haikutimia, lakini watu walikuja. Wengine walilima Iringa na Sao Hill, wengine walipanda chai Mufindi, na wengine wengi walikwenda mikono mitupu kwenye vijito vya Lupa, wakachuja mchanga, na kwa biashara yao mji wa Mbeya ukapata nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watoto wa Wazungu walikuwa na shule yao Iringa, iliyoitwa St. Michael's and St. George's. Leo majengo hayo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, na Mwingereza atafutaye habari za shule ya mama yake hana budi kutamka jina la adui wa Wadachi ili aonyeshwe njia.

Serikali ya Waingereza ilianza kuandikisha vizazi na vifo katika Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1920. Lakini sheria hiyo, kwa miaka mingi, iliwalazimu wageni wala haikuwalazimu wenyeji. Hivyo mwalimu wa Mbeya akienda penye karatasi, humwona mchimbaji wa Norfolk kabla ya kumwona babu yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, kama mchimbaji aliacha mali kwao, jina lake limo pia katika orodha za mirathi za Uingereza, ambazo huchapishwa tangu mwaka 1858. Amefia mbali, lakini ameandikwa mara mbili. Aliyezaliwa pale pale alipokufa hakuandikwa hata mara moja.

Haimaanishi kwamba nasaba haikuwapo. Jina la Mnyakyusa lianzalo kwa Mwa- humtaja mtu kuwa wa fulani, hata kila atiapo sahihi yake anaandika mstari mmoja wa historia. Mhehe hurithi kwa baba yake jina la ukoo pamoja na mwiko wa chakula. Na watu wawili wasiojuana, wakikaribishwa mahali pamoja na wote wawili wakakataa kitoweo kile kile, huweza kuanza kuulizana habari za wazee wao kabla sahani hazijaondolewa. Daftari la namna hii haliteketei kwa moto. Lakini lina udhaifu wake, nao ulionekana zaidi pale lilipotiwa mshahara. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa wenyeji kwa sheria ya mwaka 1926, mabwana shauri walikwenda huku na huku wakiuliza ni nani mrithi wa haki. Majibu waliyoyapata waliyaandika katika vitabu vya wilaya. Nasaba iliyokuwa kumbukumbu ikawa hati ya kudaia cheo, na tangu siku ile babu aliyekuwa mdogo aliweza kukua, na babu aliyekuwa mkubwa aliweza kusahauliwa. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini vitabu vile vingalipo, na mwanachuo avitumiaye hana budi kuuliza ni nani aliyesimama mbele ya meza ya bwana shauri siku ile, na ni nani hakuitwa. Mdomo hukosa kwa kuongeza. Karatasi hukosa kwa kunyamaza, na kosa lake ni gumu zaidi kuonekana, kwa sababu ukimya hauna mwandiko.

Iringa inao mfano mmoja ambamo mdomo na karatasi vyote viwili vilishindwa, na nasaba ikatafutwa kwa njia ya tatu. Mkwawa alikufa tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi, akajiua asishikwe. Kichwa chake kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliwataka Wadachi wakirudishe katika muda wa miezi sita. Hawakukirudisha, wakasema hawajui kilipo. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, akaonyeshwa mafuvu yapatayo 2,000, ambayo 84 miongoni mwake yalitoka Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Alikuwa amekwisha kupima vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Aliyatenga mafuvu ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa, na katika hayo akachagua moja lililokuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa Kalenga, mbele ya Chifu Adam Sapi, mjukuu wa marehemu.

Mtaalamu wa leo atasema, na atasema haki, kwamba mfanano wa vichwa si ushahidi wa uzazi. Lakini katika habari hii liko jambo lingine ambalo halitajwi sana. Kama jamaa wasingaliviinamisha vichwa vyao vipimwe, Twining angalisimama mbele ya mafuvu 84 bila ya kujua aanzie wapi. Maiti alitafutwa kwa hisani ya walio hai. Na walio hai hawakutoa vichwa vyao ili gavana apate jambo la kuandika. Walitoa kwa sababu mtu wao alikuwa hajalala. Kilichofanyika Kalenga hakikuwa kuthibitisha, kilikuwa kupokea. Kwa hiyo, mtu yeyote aendaye katika Nyanda za Juu kuuliza habari za wafu, anauliza mahali ambapo kaburi si maandishi ya kusomwa. Ni mlango wa jamaa. Anayeuliza kaburi la nani, huhesabiwa kwamba amejitaja kuwa ndugu.

Mwalimu wa ule mfano amekwisha fika Chunya. Amepita kwa karani, na kwa mzee wa kanisa, na mwisho kwa bibi mmoja ambaye nyumba yake haiko mbali na makaburi ya zamani. Kaburi lipo. Jiwe limepasuka katikati, na herufi nne za mwisho za jina zimesalia. Mwalimu anapiga picha, anatoa shukrani, anaaga. Ndipo bibi anapomwuliza, "Mjukuu wangu, huyo aliyekutuma anamtafuta marehemu, au anawatafuta watu wake?"

Mwalimu anajibu kwamba ameombwa kaburi tu.

"Nimekuuliza kwa sababu watu wake wapo," asema bibi, "wala hawako mbali."

Habari zenyewe si ndefu. Mchimbaji yule aliishi miaka sita na mwanamke wa pale, akazaa naye binti. Alipokufa, mama alirudi kwa kaka zake, na mtoto akalelewa kwa jina la mjomba. Binti huyo amekwisha fariki, lakini watoto wake wawili wangali hai, na wajukuu wake ni wengi. Mmoja ni dereva wa lori, mwingine ni muuguzi. Jina la baba halikuandikwa popote. Wakubwa wanalijua, wadogo wanalisikia siku za msiba.

Sasa swali limekuwa zito. Mwalimu aweza kupeleka picha na kunyamaza. Aliombwa jiwe, amepeleka jiwe, na nauli yake imelipwa. Njia hii ni ya salama, na wengi huipita, lakini haifai kuitwa uaminifu. Mwandishi wa barua hakuomba picha ya jiwe kwa sababu anapenda mawe. Aliomba kujua yaliyompata mtu wa ukoo wake, akaomba kidogo kwa kuwa hakujua kwamba kipo kikubwa. Msaada upimwao kwa maneno ya ombi, bila kutazama haja iliyolileta, ni msaada wa mchuuzi.

Aweza, kwa upande mwingine, kuandika yote usiku ule ule. Njia hii husifiwa na vijana na wapenda kweli. Lakini kweli hiyo ni ya nani? Mwalimu aliisikia kwa bibi. Bibi aliijua kwa ujirani. Na wote wawili hawamo ndani yake. Walio ndani yake ni dereva na muuguzi na wazee wao, ambao hawakuandikiwa barua yoyote. Husemwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Msemo huu huwatahayarisha walioacha, wala hausemi lolote juu ya walioachwa. Mtu ambaye nusu ya asili yake ilikufa bila kumtaja hakuacha kitu. Na kama akitaka kuikamata sasa, au akitaka kuiacha ilale, hiari hiyo ni yake kabla ya kuwa ya Norfolk.

Huenda ikadhaniwa kwamba Mwingereza atashtuka. Hana haki ya kushtuka, na akiwa mtafutaji hodari hatashtuka. Madaftari ya makanisa ya kwao yamejaa watoto wa nje ya ndoa, na makarani hawakuwaonea haya kuwaandikia neno zito. Tena majina ya baba zao yanajulikana mara nyingi, kwa sababu isiyokuwa ya huruma. Chini ya sheria ya maskini ya Uingereza, mtoto asiye na baba alikuwa mzigo wa mtaa wa kanisa. Kwa hiyo, wazee wa mtaa walimhoji mama. Na kwa sheria ya mwaka 1733 mwanamke aliweza kumtaja baba kwa kiapo, na mwanamume akakamatwa mpaka atoe dhamana ya matunzo. Hati hizo za dhamana zimehifadhiwa, na watafutaji wa leo huzifurahia kama hazina. Baadaye mambo yaligeuka. Sheria ya mwaka 1874 ilikataza jina la baba wa mtoto wa namna hiyo lisitiwe katika daftari la serikali isipokuwa mwenyewe aje atie sahihi. Wengi hawakuja, na nafasi ya baba ikabaki nyeupe.

Hapa pana jambo lipasalo kutazamwa vizuri. Mtaa wa kanisa wa karne ya 18 uliandika jina la baba kwa kuwa uliogopa gharama. Lupa haikuogopa gharama yoyote. Mtoto alipozaliwa, wajomba walimchukua. Uji wake ulitoka katika shamba la mama yake, na serikali haikuombwa hata senti moja. Kwa hiyo, hapakuwa na mtu wa kuuliza, wala karani wa kuandika. Usafi wa karatasi za walowezi katika Nyanda za Juu haukuletwa na mwenendo safi wa walowezi. Uliletwa na ukarimu wa wajomba. Wale waliomlea mtoto bila kumdai mtu ndio waliompa mchimbaji yule, bila ya kukusudia, jina lisilo na doa katika nasaba ya Norfolk. Kama hisani ni neno lenye maana, basi hisani ya kwanza katika habari hii ilitendwa miaka tisini iliyopita, na hakuna aliyeiandikia barua ya shukrani.

Siku hizi nasaba haingoji tena hiari ya mtu. Kiswahili kimetoa jina zuri kwa vile vitu vidogo vya mwilini ambavyo wataalamu huvipima ili kumjua mzazi: vinasaba, yaani nasaba ndogo ndogo. Mjukuu mmoja aliyeko masomoni Ulaya, akipeleka mate yake kupimwa kwa kujifurahisha tu, aweza kuletewa orodha ya ndugu wa Norfolk wiki chache baadaye. Wapo wanaosema kwamba kwa sababu hiyo siri haina maana tena, na mwalimu na aseme tu. Sababu hii haifai. Mvua ikikaribia kunyesha, mtu hapati ruhusa ya kumwagia jirani maji. Kinyume chake, kwa kuwa jambo laweza kujulikana kwa njia baridi, inapasa lifike kwanza kwa njia ya mtu, kwa kinywa, nyumbani, mbele ya mkubwa wa jamaa.

Ndivyo afanyavyo mwalimu. Anarudi Chunya, siku ya pili, bila ya kamera. Dereva anafurahi, angetaka kuandika mwenyewe. Muuguzi anasema mama yake na mama yake mdogo waamue. Mama mdogo, mtu mzima wa miaka mingi, anakataa. Hasemi kwa hasira. Anasema kwamba mama yao alikwenda na jina la mjomba kaburini, na hakulalamika, na hataki mtu ambaye hakumjua akae chini kumhesabu. Nafsi ya dereva na nafsi ya mama mdogo zina haki sawa katika damu, lakini hazina haki sawa katika maumivu, na mwalimu hakosi akimsikiliza aliyeumia. Je, amenyima ukweli? Hapana, maadamu hasemi uongo. Ukimya wa karatasi ni mbaya kwa kuwa hujifanya si ukimya. Msomaji hupita juu yake akidhani amefika mwisho. Ukimya ujitajao ni kitu kingine. Mwalimu aweza kuandika kwamba yapo mengine, kwamba si yake kuyasema, na kwamba wenyewe wakipenda watayasema. Mama wa Norfolk, kama ana akili, ataelewa. Na kama ana adabu, hatasukuma. Kungoja ndiyo sehemu ya kwanza ya malipo yake.

Ya pili ni nyepesi zaidi, nayo inarudi kwenye lile swali la deni liendalo mbele. Katika makaburi ya Iringa wamezikwa askari wa vita vya kwanza vya dunia, Waingereza na Wadachi. Jeshi la Jenerali Edward Northey liliingia kutoka Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini mwezi Mei 1916, likafika Iringa mwisho wa Agosti. Halikuja kwa magari. Lilikuja juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, na wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko askari walivyokufa kwa risasi. Dar es Salaam kikosi chao kimeacha jina la soko na mtaa, Kariakoo. Lakini soko si kaburi. Tarehe 22 Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki, Afrika ya Magharibi na Misri, hawakutajwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliundwa mwaka 1917 kwa ahadi kwamba wafu wote watatendewa sawa.

Kwa hiyo, Mwingereza aombaye picha ya kaburi Iringa au Mbeya mara nyingi humwomba mtu ambaye baba wa babu yake aliibeba mizigo ya vita ile na hakurudi. Msomaji wa jiwe la mgeni hana jiwe la kusomewa. Hapa desturi ya watafutaji wa Uingereza, ile ya kumlipa mwingine, haitoshi, maana deni likienda mbele siku zote litazunguka baina ya wenye karatasi na kurudi kwao. Safari hii lazima lirudi lilikotoka. Mama wa Norfolk yuko saa chache kutoka nyumba za kumbukumbu za London, ambamo zimo karatasi za vita na za makoloni. Anajua kuomba faili, anajua kusoma mwandiko wa makapteni, na amejifunza uvumilivu kwa miaka kumi ya kuwatafuta akina John Smith. Huenda asipate kitu. Watafutaji wote hujua kwamba siku nyingi hupita bila kupata kitu, na mtu hutoka akiwa na vumbi tu.

Barua ya mwalimu, basi, ni fupi. Ndani yake imo picha ya jiwe lililopasuka, na maelezo ya njia ifikayo makaburini, na salamu za bibi. Upo mstari mmoja juu ya yale mengine ambayo wenyewe watayasema wakipenda. Nauli inarudishwa pamoja na shukrani. Na chini kabisa, baada ya sahihi, mwalimu ameongeza jina la mtu mmoja, na jina la baba yake, na kijiji alichotoka, na mwaka, 1916, na neno moja alilolisikia kwa bibi yake mwenyewe, kwamba mtu huyo alipoonekana mara ya mwisho alikuwa amebeba sanduku la risasi, akielekea Iringa.